Kiwanja Walichonilimia Bugeshi

Ndugu zangu, kwanza naomba fundi wa vyombo asijisumbue. Naona anavyohangaika na mti wa kipaza sauti, anauvuta juu na bado unanifikia kifuani. Acha tu, kaka, nitakishika mkononi. Vitu vingi vya dunia hii vilitengenezwa na watu wafupi, na mimi nimeshawasamehe.

Mungu wetu ni mwema, nanyi leo mmependeza. Wengi mnaniita Kocha. Wa zamani mnanijua kama binti wa yule mama wa kwaya anayekaa Mbugangari. Na wageni mliovuka mpaka kutoka Goma asubuhi hii, karibuni sana. Mkisikia Kiswahili changu kina Karagwe ndani yake, msishangae. Wazazi wangu walirudi Rwanda kutoka huko nikiwa bado nabebwa mgongoni. Msinicheke, maana na mimi nikisikia "mutu" na "muzuri" zenu huwa najizuia.

Nimekuja kwa jambo moja. Miaka sita iliyopita mama yangu alisimama hapa mbele, akamshukuru Mungu kwamba binti yake amechaguliwa kwenda kucheza mpira wa kikapu Ulaya. Kwaya ikaimba, mkapiga vigelegele. Haikuwa kweli. Uongo ule haukuwa wa mama, ulikuwa wangu mimi. Tangu ulipofichuka, mama hajaimba tena katika kwaya hii. Anasali ibada ya kwanza, ile ya Kinyarwanda, anakaa benchi la mwisho, na ikiisha anatoka kabla watu hawajapeana mikono. Leo nataka kuirekebisha shukrani ile. Nimeomba dakika kumi, na mchungaji anajua nitachukua ishirini.

Haya. Nilikulia Mbugangari, na darasa la sita nilikuwa nimeshampita mwalimu wangu kwa urefu. Watoto waliniita mti wa umeme. Nilikuwa natembea nimejikunja ili nifanane na wenzangu, mpaka nilipoingia sekondari na mwalimu wa michezo akanisimamisha uwanjani mbele ya darasa zima. Akaniambia, "Weye, simama wima. Unaficha nini?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniomba niwe mrefu zaidi. Akanitupia mpira wa kikapu, ukanipiga puani. Basi, mapenzi yetu yakaanzia hapo.

Kwa kifupi, nilikuwa najua. Siwezi kujifanya mnyenyekevu juu ya hilo, nilikuwa najua kweli. Nilipomaliza sekondari, chuo kimoja cha Kigali kikanipa nafasi: masomo, chakula na kitanda, mradi niichezee timu yao. Ninyi mlinisindikiza. Mlinifanyia maombi hapa hapa, na mama mmoja ambaye namwona pale amejificha nyuma ya kitambaa chake alinipa blanketi la kutoka Goma. Blanketi zuri sana, mama. Halikunifika miguuni, lakini zuri sana.

Mwaka wa kwanza nilivimba kichwa. Nikija likizo nilikuwa navaa suti ya michezo ya timu sokoni, ufukweni, hata msibani niliivaa, mama akanirudisha nyumbani nikabadilishe. Nilidhani watu wananisalimia kwa sababu ya jina lililoandikwa mgongoni.

Mwaka wa pili, kwenye mechi kubwa, niliruka kudaka mpira nikatua vibaya. Goti likalia kama ukuni mkavu unaovunjwa. Nikasimama. Nikamaliza mechi, na nikatabasamu kwenye picha. Usiku ule goti lilikuwa limevimba kama papai, na sikumwambia mtu.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema? Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa kitanda. Kile kitanda cha bweni kilikuwa cha mchezaji. Nisipocheza, kitanda si changu, na darasa si langu. Kwa hiyo nikawa nalifunga goti kwa bandeji chini ya suti ya michezo, namung'unya vidonge vya maumivu, nakimbia. Kama wiki tatu hivi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikufa, lakini siku moja mazoezini nilianguka bila kuguswa na mtu, na safari ile sikuweza kutabasamu. Daktari akasema ukano wa ndani wa goti umekatika. Akaniuliza imekuwaje ukakatika kiasi hiki, nikatazama dirishani. Akaniambia kama ningekuja siku ya kwanza, hadithi ingekuwa nyingine.

Mwaka ulipoisha, orodha ya timu ikabandikwa ukutani. Nikaisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Jina langu halikuwepo. Siwalaumu, makubaliano yalikuwa wazi. Nikakunja blanketi langu fupi.

Ndani ya basi la kurudi, pale unapoteremka na ziwa Kivu linajitokeza lote, abiria husema "tumefika" na kila mtu anachangamka. Mimi nilijiinamia. Nilijua mama ameweka picha yangu sebuleni, nimeruka, mpira mkononi, na kila mgeni lazima aioneshwe kabla ya kupewa chai. Sikuweza kwenda pale kwa mguu huu. Nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria, nikapitiliza, nikaenda Bugeshi kwa shangazi.

Shangazi ni dada wa baba. Naye alitoka Karagwe, lakini aliolewa kule juu, chini ya volkano, akakaa miaka mingi akilima viazi na kuviuza mpakani, na Kiswahili chake kikaliwa chote na cha Goma. Aliponiona na begi la michezo akashika kiuno.

"Weye mutoto, umekuja fanya nini huku, na masomo yako iko Kigali?"

Hapo, wapendwa, ningeweza kusema kweli. Nilikuwa nimechoka, baridi inanichoma, shangazi ananipenda. Lakini mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema: "Shangazi, timu imenileta kwa mazoezi ya mwinuko." Nikamweleza kwamba wachezaji wakubwa hupelekwa milimani, hewa ya huko ni nyepesi, mapafu yanapanuka, ukishuka chini unawakimbia wote. Nilikuwa nimeona jambo hilo kwenye televisheni, likihusu wakimbiaji.

"Yebaba weee!" akasema shangazi. "Na kumbe hewa yetu iko na kazi!"

Kuanzia siku ile nililishwa kama ng'ombe wa maonesho. Maziwa asubuhi, viazi mchana, viazi jioni, na alfajiri anagonga mlango: "Amuka, ukimbie!" Natoka nachechemea kidogo kidogo mpaka niwe nyuma ya mikaratusi, nakaa juu ya jiwe. Nikikadiria muda umetosha, nanawa uso na shingo kwenye kijito, najimwagia maji mgongoni, narudi nikihema. Shangazi ananishika shati, anasema, "Leo umetoka jasho muzuri." Ndugu zangu, mnacheka. Mimi pia sasa hivi nacheka. Wakati ule nilikuwa nalia nikiwa juu ya lile jiwe, halafu namalizia kwa kuhema.

Mama akapiga simu. Shangazi alikuwa ameshamwambia kuhusu mwinuko. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto: "Mwanangu, mtu akipelekwa mazoezi ya namna hiyo, si ndiyo anaandaliwa kwenda nje? Ulaya?" Sikusema ndiyo. Ningependa mlijue hilo, sikusema ndiyo. Nilinyamaza tu, na mama akakichukua kile kimya changu akakijaza mwenyewe. Jumapili iliyofuata akavaa kitenge kipya akasimama hapa. Alikuwa amempigia shangazi na kuiacha simu wazi, na shangazi akaiweka kwenye sauti kubwa ili tusikilize wote, tukiwa jikoni tunamenya viazi. Niliisikia sauti ya mama ikishukuru. Nilisikia vigelegele vyenu. Nikajikata kidole.

Sasa sikilizeni uongo unavyoota miguu. Kule Bugeshi, mkuu wa mudugudu, yaani wa kijiji, ni mama mmoja mwembamba, hana mchezo, miaka yote ameuza viazi Goma na hajawahi kupunjwa. Habari ikamfikia kwamba bingwa anafanya mazoezi kwenye kilima chake bila uwanja. Akaona ni aibu kwa mudugudu. Akatangaza kwamba umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hautakuwa wa mitaro wala barabara. Utakuwa wa kusawazisha kiwanja cha mpira wa kikapu kando ya shule ya msingi, na bingwa mwenyewe atakifungua.

Wakulima wa kule walikuwa wanaomba mvua ya kiasi. Mimi niliomba gharika.

Kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amefungua karakana yake. Alijitolea kutengeneza ringi. Akanipigia simu mara mbili niende na mpira apime. Karakana ilikuwa ng'ambo ya kilima, na kule kushuka na kupanda kungenionesha mbele ya watu wote kwamba nachechemea. Nikamjibu kwa simu, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi: "Kaka, wewe tengeneza tu mpira upite, inatosha." Yule kijana, kwa unyofu wake, akaja kuuzungushia kamba mpira wangu, akaenda kutengeneza ringi ambayo mpira unapita. Yaani unapita tu. Hata kidole hakiingii katikati.

Jumamosi ikafika bila tone la mvua. Ninyi mnaojua ardhi ya Bugeshi mnajua yale mawe meusi. Walikuja watu wa kilima kizima, na majembe, na sururu, na mitarimbo. Wanaume waling'oa mawe, kina mama wakayabeba kichwani kwenda kuyapanga pembeni, na shangazi alikuwa mstari wa mbele na mgongo wake mbovu. Kila anayepita ananisalimia: "Bingwa, utatuonesha leo!" Mimi nilikuwa nimesimama na suti yangu ya michezo, nimekatazwa kushika jiwe nisije nikaumia. Hapo ndipo moyo uliniuma kuliko goti. Mpaka saa nne ilikuwa imetokea sehemu tambarare ambayo hamwezi kuamini, nguzo mbili za mikaratusi, ubao, na ile ringi imepakwa rangi nyekundu.

Wakanipa mpira. Nikajiambia, nitatupa mara moja, nikiwa nimesimama, nitapunga mkono, basi. Nikatupa. Wapendwa, sijawahi kutupa mpira mzuri kama ule. Ukapanda, ukashuka katikati kabisa ya ringi, ukakwama. Ukakaa pale juu kama yai kwenye kikombe.

Watu wakapiga makofi, wakadhani ndivyo inavyotakiwa. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Sasa uruke, uutoshe!" Yaani niutoe. Kilima kizima kikaitikia, aruke, aruke! Nikaruka.

Sitawasimulia maumivu. Nilipofumbua macho nilikuwa chini, na wanaume wanne wanakuja na ngobyi, ile machela ya fito iliyosukwa wanayobebea wagonjwa mabegani. Ngobyi hazikusukwa kwa ajili ya watu kama mimi. Miguu yangu ilining'inia nje kuanzia magotini, wakaleta fito nyingine wakazifunga ili kunirefusha. Gari la kituo cha afya likapigiwa simu. Na kwa kuwa lilikuwa bado liko mbali chini na watu wote wameshakusanyika, mkutano wa baada ya umuganda ukaanza kama kawaida, mimi nikiwa mbele kwenye ngobyi kama ajenda ya kwanza.

Na ajenda ya kwanza ilikuwa: nani amemvunja bingwa? Haikuchukua muda. Ringi. Ringi imebana, na ringi ameitengeneza yule fundi. Wakamsimamisha. Mmoja akasema huyu kijana hajui kazi, asipewe tena chuma cha mtu. Mwingine akasema alete kondoo kwa familia. Mwingine, samahani kwa neno hili kanisani, akauliza kama hakutumwa kuniroga na watu wenye wivu wa kilima cha pili. Yule fundi alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, anasema tu, "Nilifanya vile aliniambia." Na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu mimi nilikuwa bingwa na yeye alikuwa nani?

Nilitazama mawingu. Ningeweza kunyamaza. Nilishajua kunyamaza kunavyofanya kazi. Gari lingekuja, lingenichukua, na mimi ningekuwa shujaa aliyevunjikia Bugeshi. Mama angelia, ninyi mngeniombea, na Ulaya ingekufa kwa heshima. Uongo wangu ulikuwa umepata mahali pazuri pa kuzikwa. Kaburi lilikuwa ni yule kijana.

Nikanyoosha mkono nikiwa nimelala. Mkuu wa mudugudu akasema mgonjwa anaomba neno. Nikasema yote. Nikasema goti lilikatika Kigali. Nikasema chuo kilishaniondoa, hakuna timu, hakuna Ulaya, mwinuko niliuona kwenye televisheni. Nikasema fundi aliniita mara mbili nikakataa kwenda kwa sababu nilikuwa naficha mguu.

Halafu nikasikia sauti ya shangazi, ya huzuni kabisa:

"Na ile jasho?"

"Maji ya kijito, shangazi."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Akafuata wa pili. Kilima chote kikaangua kicheko, watu wanashikana mabega, wanarudia "maji ya kijito!" na yule fundi anacheka huku anajifuta machozi kwa kofia. Mimi nililia, nikacheka, nikalia tena. Shangazi ndiye peke yake hakucheka siku ile. Alinisamehe wiki mbili baadaye, na aliponisamehe alinipunguzia maziwa.

Mkuu wa mudugudu hakucheka sana. Yeye akikasirika huacha Kinyarwanda anashika Kiswahili cha mpakani. Akasema, na bado nayakumbuka maneno yake vilevile:

"Bon. Umetudanganya. Lakini sisi tumetosha majiwe hapa toka asubui, unafikiri tutairudisha? Kiwanja iko. Mabinti iko. Mutu wa kufundisha iko, amelala pale mu ngobyi. Donc, utafundisha. Mugulu ikikatala, utaikala ku kiti."

Akauliza mkutano kama kuna anayepinga. Hakuna. Ikaandikwa kwenye daftari la mudugudu kati ya habari ya mtaro na habari ya mbwa wazururaji. Hivyo ndivyo nilivyokuwa kocha, wapendwa. Sikuitwa kwa ndoto. Nilihukumiwa.

Kutoka kituo cha afya nikampigia mama mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu. Kesho yake akapanda hadi kwa shangazi, nilikokuwa nimerudishwa. Hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, akasema, "Mimi nilisimama mbele ya watu." Nikasema najua, mama. Akasema, "Hujui. Nilisimama nikaimba." Akaenda jikoni kumsaidia shangazi kumenya viazi, na jioni akashuka bila kuniaga.

Mimi na mama tulipatana baadaye. Siku moja alikuja na ndoo ya sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, akasema si zangu, ni za wasichana. Nikala nne, akajifanya haoni. Kwangu ilitosha. Lakini na ninyi hajapatana mpaka leo, na hilo nitalifikia.

Nilianza kufundisha nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni cha shangazi, mguu juu ya gunia la viazi, filimbi mdomoni. Wasichana kumi na mmoja, wengi wamevaa buti za mvua. Mara ya kwanza nilidhani ni adhabu kweli. Kisha nikaanza kuona kitu. Nilipokuwa mchezaji nilikuwa naona mpira tu. Kwenye kigoda, siwezi kuukimbilia, ikabidi nitazame watu. Nikaona wale wasichana wana jambo ambalo hatukuwa nalo kule chuoni: hawatazami chini. Toka wadogo wamebeba viazi kichwani kwenye vile vijia vya mawe, shingo imenyooka, macho mbele, mguu unajitafutia wenyewe. Ukimpa mpira adunde, anadunda bila kuutazama. Mimi ilinichukua miaka miwili kujifunza hivyo.

Ile ringi fundi aliipanua, lakini chuma kilikuwa hakitoshi, akaiongeza upana wa kidole tu. Ilibidi utupe sawasawa, la sivyo mpira unakurudia usoni. Mwaka mzima walitupia kwenye ringi hiyo.

Tukateremka kucheza na timu ya shule moja ya huku mjini. Tulifungwa hamsini na nane kwa nne. Na zile nne, mbili alijifunga mpinzani kwa bahati mbaya. Nilipanda kwenye lori la viazi la kurudi nikiwa natafuta maneno ya kuwafariji, nikakuta wanaimba. Nikauliza mnaimba nini, mmechinjwa! Mmoja akaniambia, macho yanamng'aa, "Kocha, umeona ringi yao? Iko pana kama beseni!"

Walikuwa wameshaelewa kabla yangu. Hawakuwa na shida ya kufunga, walikosa nafasi ya kutupa. Basi mwaka wa pili tukafanya kazi hiyo tu, kutafuta nafasi. Tukakutana na timu ileile kule Nyundo, watu wamejaa, mvua ya rasharasha. Zimebaki sekunde chache, wao thelathini na mbili, sisi thelathini na moja, na binti yetu mmoja amechezewa vibaya, ana mitupo miwili ya bure. Nilisimama. Nilisahau kwamba nina goti. Akatupa wa kwanza, ndani. Akanitazama, akatabasamu, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Beseni!" Akatupa wa pili, nao ndani.

Leo nina leseni ya ukocha. Nafundisha sekondari huku mjini, na Jumamosi napanda Bugeshi, na sasa napanda kwa miguu yangu yote miwili, kwa sababu dada mmoja wa mazoezi ya viungo alinishughulikia miezi minane bila huruma. Siwezi kuruka tena. Nimekubali.

Na yule binti wa mitupo miwili yuko chuoni Kigali, chuo kilekile changu, kwa mpango uleule wa kitanda. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Kocha, nimeumia kifundo cha mguu asubuhi hii. Nimeshaenda kwa daktari, nimeshawaambia timu. Nitakaa nje wiki sita. Nilitaka tu ujue." Nilimwambia vizuri sana, pumzika. Nilipokata simu nililia kuliko siku ya Nyundo, mpaka shangazi akaniuliza kama ni machozi au ni kijito.

Basi nishukuru. Namshukuru Mungu aliyeukwamisha ule mpira. Nawashukuru watu wa Bugeshi walioninyima nafasi ya kukimbia. Namshukuru yule fundi, ambaye leo mageti mengi mnayoyaona hapa mjini ni kazi ya mikono yake. Namshukuru shangazi. Namshukuru dada wa viungo. Na kama kuna mtu hapa anaficha goti lake, liwe la mwili au la namna nyingine, nawaambia, njia ya mwongo ni fupi, lakini si hilo tu. Wanaokupenda wataacha kazi zao, watakuja na majembe, watakulimia huo uongo wako uwe kiwanja. Na siku ukianguka, utawaangukia wao. Sema mapema. Sema siku ya kwanza, wakati goti bado ni goti.

Nina neno la mwisho, na hili ni gumu kidogo, mnivumilie. Ile Jumapili, mama yangu hakusema uongo. Alishukuru kwa kile alichoamini. Aliyesema uongo alikuwa jikoni Bugeshi anamenya viazi. Lakini habari ilipofika mjini, mlimpa jina. Sokoni, kwenye foleni ya mpakani, hata humu ndani. Mama Ulaya. "Mama Ulaya, binti anapanda ndege lini?" Sitawataja, wala sijakasirika. Nami ningecheka, ni jina zuri. Ila mmemwita mtu asiyehusika. Jina hilo ni langu. Kuanzia leo nawaomba mniite mimi. Nikipita sokoni, piteni mkiniita, Kocha Ulaya, nitaitika. Yeye mrudishieni lake.

Nilimwambia nitakachosema leo. Akaniambia, "Utasema peke yako, mimi nitakaa karibu na mlango." Na kweli yuko pale, ana kitambaa cha bluu. Mama, nimekosa. Nilikuomba msamaha nyumbani, leo nakuomba hapa, mbele ya watu walewale.

Kwaya, mbona mnasimama? Sikuwaambia msimame. Ehee. Na wewe mama, unakwenda wapi, mlango uko upande huo mwingine...

Jamani, mpisheni apite. Mpeni kipaza sauti. Mimi nakaa.